Refusha nyaya za mota, si za betri

Kwenye ndege ya rimoti ambayo betri iko mbali na mota isiyo na brashi, weka ESC (kidhibiti cha mwendo wa mota) karibu na betri na urefushe zile nyaya tatu za mota. ESC hukata na kuwasha umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Kila inapokata, waya mrefu wa betri hung'ang'ania mkondo uendelee, volti zinaruka. Mruko huo humezwa na kapasita (vihifadhi chaji) za ESC, zinapata joto, zinavimba, mwisho transista (swichi zake) zinaungua ndege ikiwa hewani. Upande wa mota hauna shida hiyo, maana koili zenyewe tayari ni waya mrefu.

Nyaya zote tatu ziwe na urefu mmoja na unene usiopungua wa zile za awali, lehemu iingie hadi ndani ya nyuzi. Mota ikizunguka kinyume, badilishana mbili zozote. Jaribu bila propela! (Za betri usithubutu kuzibadilishana: ESC imekwenda.)

Ndege ya mota mbili, ESC zikiwa kwenye mabawa ili zipate upepo, mara nyingi haikubali mpango huu. Hapo ongeza kapasita ya 220 µF yenye ukinzani mdogo kwa kila sentimita 10 ulizorefusha upande wa betri, ubavuni mwa ESC. Betri ya seli 4 ikijaa ni volti 16.8, kwa hiyo chukua ya volti 35. Upande wa kapasita wenye mstari uende kwenye waya mweusi. Na antena ya risiva isilale sambamba na nyaya za mota.