Kabla ya Kwenda Kupunga Upepo Tanga, Tazama Mwezi

Wageni wetu wengi wanajiandaa kwa chakula tu. Hotipoti la pilau lipo, juisi ipo, mkeka upo. Wanafika ufukweni Raskazone saa 4 asubuhi na kukuta bahari imekwenda zake, kumebaki tope na kaa wanaokimbilia mashimoni. Nasema kwa uchungu kwa sababu na mimi yalinikuta, tena mwenyeji. Nilipeleka wapwa zangu waliotoka Dodoma, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Mdogo akaniuliza, "Mjomba, sasa bahari yenyewe iko wapi?"

Kwa hiyo jambo la kwanza ni mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapopevuka, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji ya hapa hupwa sana mnamo saa 4 asubuhi, kisha hujaa mnamo saa 10 jioni. Kati ya kupwa na kujaa tofauti hupita mita 3, si mchezo. Juma moja baadaye yanaingia maji mafu, na mambo yanageuka: yanajaa asubuhi, tena kwa kiasi, na kupwa alasiri. Kila siku saa zinasogea mbele karibu dakika 50. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani hahitaji programu ya simu. Tarehe 15 au 16 panga kwenda jioni. Tarehe 8 au 22 panga asubuhi. Kalenda huna? Muulize mvuvi yeyote, atakujibu bila hata kugeuza shingo. Na hata maji yakiwa yamejaa, ingia na viatu vyepesi, maana chaza walioganda kwenye mawe wanachana nyayo.

Kama siku yako ya mapumziko imeangukia maji mabaya, usiilazimishe. Nenda Bustani ya Jamhuri, ambayo haijali maji yamejaa au yamekupwa. Ipo juu ya bandari, karibu na ule mnara wa saa wa enzi za Mjerumani, na ukikaa unakiona kisiwa cha Toten na vyombo vilivyotia nanga. Mimi naipenda baada ya sala ya alasiri, jua likishapungua ukali. Saa 7 mchana ni kujitesa bure. Ukitaka kupiga picha upande wa bandari, uliza kwanza. Kuna sehemu haziruhusiwi, na askari hatakuwa na muda wa kusikiliza kwamba ulikuwa unapiga machweo.

Kabla hujatandika mkeka, inua macho. Mkungu una kivuli kipana na hauna neno. Mnazi una kivuli chembamba na nazi juu ya kichwa chako. Tena angalia nyuki. Nyuki wa Tanga wana historia: Novemba 1914 majeshi ya Mwingereza yalishukia Raskazone kuja kuuteka mji kutoka mikononi mwa Wajerumani, vita vikapamba moto, mizinga ya nyuki ikavurugika na nyuki wakawavamia askari. Waingereza walishindwa na kurudi melini. Wewe una mkeka tu. Kunguru nao usiwadharau. Hotipoti likiachwa wazi, nyama inaondoka ukiitazama.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, majani yanakuwa chepechepe na mbu ni wengi. Chukua dawa ya kujipaka, na usikae hadi usiku na watoto wadogo.

Amboni ni safari nyingine kabisa, msiichanganye na matembezi ya bustanini. Mapango yapo kama kilomita 8 kutoka mjini, barabara ya kwenda Horohoro. Ni mapango ya chokaa, giza ndani, njia zinabana, popo wako juu. Vaa viatu vinavyoshika, beba tochi yako hata kama mwongozaji anayo, na usimwache mwongozaji. Ukikuta vitu vya tambiko mle ndani, usiguse. Watu bado wanakwenda kuomba.

Yaliyobaki ni madogo. Noti ndogo za muuza madafu. Kikapu, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Bajaji mpatane bei kabla hujapanda, au kodi baiskeli kama wenyeji, mji wenyewe tambarare. Kina mama wabebe kanga ya ziada ya kujifunga mkitoka majini, msipite mitaa ya Ngamiani mmelowa hivyo.

Na wazee mtakaowakuta kwenye benchi, shikamoo kwanza ndipo mkae. Spika izimeni kabla ya adhana ya magharibi.