Jaribu onyesho la katikati kabla ya kuchagua tamthiliya

Nimejifunza hili kwa mwalimu mwenzangu hapa Moshi, na litawafaa wanaofundisha maigizo kidato cha tano na sita. Usichague tamthiliya kwa kusoma mwanzo wake. Toa fotokopi ya kurasa tatu za katikati zenye wahusika wawili wanaovutana, wape wanafunzi wawili wazisome kwa sauti wakiwa wamesimama, kisha uliza darasa: huyu anataka nini kwa mwenzake? Majibu yakigongana, na kila upande ukaonyesha mstari unaoutetea, umepata kitabu cha kufanyia kazi muhula mzima. Wote wakijibu sawa papo hapo, tamthiliya hiyo waachie wadogo zao. Mwanzo hudanganya kwa sababu mwandishi bado anatambulisha watu na mahali. Katikati kila mtu ameshabanwa, na maneno yake yanaficha jambo ambalo mwigizaji lazima alichimbe.

Njia hii haifai kwa tamthiliya zinazobebwa na ishara au msimulizi. Mashetani ya Ebrahim Hussein ukiikata vipande hivi, wanafunzi watapotea, maana ule mchezo wa Shetani na Binadamu unaofungua kitabu ndio unaoangaza yanayofuata. Nguzo Mama ya Penina Muhando nayo inamtaka Bi Msimulizi na kundi zima jukwaani. Hizo zisomeni tangu ukurasa wa kwanza, tena nje uwanjani kama nafasi ipo.