Maji ya kumwogesha mtoto mchanga: kiganja kinavyodanganya na jinsi ya kupima vizuri

Maji ya kuoga ya mtoto mchanga yawe nyuzi 37 hadi 38 za Selsiasi. Wengi huchovya vidole, wakaridhika. Shida ni kwamba ngozi haipimi joto la maji. Inahisi joto lake yenyewe na jinsi linavyopanda au kushuka.

Hakikisha kwa bakuli tatu: moja la maji baridi ya mfereji, moja la vuguvugu, moja la nyuzi 40 hivi. Tia mkono mmoja kwenye baridi na mwingine kwenye moto kwa dakika moja au mbili, kisha yote miwili kwenye vuguvugu. Mkono uliotoka kwenye baridi utaona maji ni moto, wa pili utaona ni baridi. Sasa fikiria mama aliyetoka kuosha vyombo kwa maji ya moto: beseni lenye nyuzi 43 ataliona la kawaida tu, na ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yake.

Ndani ya ngozi kuna ncha za neva, nyingine za kuhisi baridi, nyingine za kuhisi joto. Zina protini zinazofunguka kwa joto fulani: TRPM8 hufunguka ngozi ikishuka chini ya nyuzi 26 hivi, TRPV1 ikipita 43, na hapo ndipo maumivu ya kuungua huanza. Utafiti wa vipokezi hivi ndio uliompa David Julius Tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian. Pilipili nayo huifungua TRPV1, na mentholi huifungua TRPM8. Kama umetoka kukata pilipili au kupaka dawa ya kuchua yenye mentholi, mkono huo usiupimie chochote.

Namna ya kuchanganya: maji baridi yatangulie kwenye beseni, ya moto yafuate. Ukianza na ya moto, mtoto mkubwa anayecheza karibu anaweza kutumbukiza mkono. Nakuru, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kama ya mfereji ni 18, kopo moja la yanayochemka kwa makopo matatu ya baridi litakupa takriban 37. Kisumu, maji ya tangi yakiwa 25, kopo moja hutosha makopo matano. Maji ya thamosi yaliyokaa tangu asubuhi yamepoa, kwa hiyo hayafai kwa hesabu hii.

Koroga hadi chini, maana maji ya moto huelea juu. Kisha zamisha kiwiko chote, si ncha ya kidole: eneo kubwa la ngozi huhisi vizuri zaidi. Subiri sekunde tano. Yakiwa sawa, hutahisi moto wala baridi. Kipimajoto cha maji kikiwepo, kiamini kuliko kiwiko.

Mwenye kisukari aliyekufa ganzi mikononi asipime, amwachie mwingine.

Mtoto akiungua, mvue nguo isiyogandamana na ngozi na umwagie pale palipoungua maji safi baridi yanayotiririka kwa dakika 20, sehemu nyingine za mwili zikifunikwa asipate baridi. Usipake dawa ya meno, unga wala barafu. Kisha mpeleke hospitali, hata kama jeraha linaonekana dogo.