Somo: Kuanza gitaa na kodi mbili tu

Habari wadau, wengi mnauliza gitaa linaanzia wapi. Msimamo wangu ni huu, anza na kodi mbili (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), ukiweza kuhama kutoka moja kwenda nyingine bila mapigo kukatika hapo tayari unapiga muziki, kuliko kujaza kodi ishirini kichwani halafu kila ukibadili unasimama kutafuta vidole viende wapi.

HATUA YA 1: Gitaa
Gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, linatosha. Nyuzi za nailoni ni laini kwa vidole, za chuma zinauma mwanzoni ila sauti yake inang'aa. Usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni, zinavuta kwa nguvu zaidi na kile kibao kinachoshikilia nyuzi kwa chini kinaweza kung'oka. Na kama nyuzi zimepaa mbali na shingo mpaka kukandamiza ni vita, mpelekee fundi kwanza, usijilaumu bure.

HATUA YA 2: Tyuni
Kila unaposhika gitaa, tyuni, yaani weka kila uzi kwenye sauti yake. Kuanzia uzi mnene kwenda mwembamba ni E A D G B E (hizo herufi ni majina ya sauti), mnene ndo tunauita wa 6 na mwembamba wa 1. Apu za simu zipo za bure. Bila apu, bana uzi wa 6 freti ya 5 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo, hesabu kuanzia kichwa cha gitaa) na uzi wa 5 ukiwa wazi utoe sauti hiyohiyo, endelea hivo hivo kushuka, isipokuwa kutoka wa 3 kwenda wa 2 unabana freti ya 4.

HATUA YA 3: Kubana
Hapa ndo wengi wanaharibu. Kidole kikae nyuma kidogo tu ya kile chuma cha freti, sio juu yake na sio katikati ya nafasi, maana ukiwa karibu na chuma unatumia nguvu kidogo na sauti inatoka safi. Tumia ncha ya kidole, kucha za mkono unaobana ziwe fupi, gumba liwe nyuma ya shingo. Ukishabana gusa uzi mmoja mmoja usikilize, ule unaokoroma au uliokufa ndo unakwambia kidole gani hakijakaa vizuri.

HATUA YA 4: E maina na A maina
E maina (maina ni kodi yenye sauti ya huzuni): kidole cha kati uzi wa 5 freti ya 2, cha pete uzi wa 4 freti ya 2, piga nyuzi zote. Sasa hamisha vidole hivohivo viwili kwa pamoja, cha kati kiende uzi wa 4 na cha pete uzi wa 3, freti ileile, ongeza cha shahada uzi wa 2 freti ya 1. Hiyo ni A maina, uzi wa 6 uache. Umeona? Umbo halibadiliki, linasogea tu. Ukizoea, ukiwa kwenye A maina toa cha pete peke yake ukiweke uzi wa 5 freti ya 3, umepata C meja (meja ni yenye sauti ya furaha) bila kugusa vingine.

HATUA YA 5: Mapigo
Weka metronomu (kifaa au apu inayogonga mapigo sawasawa) kwenye mapigo 60 kwa dakika, piga kushuka mara nne E maina, mara nne A maina. Mkono unaopiga usisimame hata kama vidole vimechelewa, piga hivohivo na kodi mbovu, vidole vitaufuata mkono. Dakika 15 kila siku zinakufikisha mbali kuliko masaa matatu ya Jumapili.

MASWALI YENU

Swali: Mwalimu vidole vinauma balaa, kuna dawa?
Jibu: Pumzika vikiuma, kesho rudi, baada ya wiki kadhaa ngozi ya ncha inakomaa. Ila kama kinachouma ni kiwiko au kifundo cha mkono acha siku hiyo, halafu angalia kama hukunji mkono kupita kiasi.

Swali: Mkuu kodi ya F inanishinda kabisa, nakaribia kuacha.
Jibu: Usiache ndugu yangu, F kamili inataka kidole cha shahada kilale nyuzi zote freti ya 1, na hapo ndo pagumu kuliko kote. Piga F ndogo kwanza: uzi wa 4 freti ya 3, wa 3 freti ya 2, wa 2 na wa 1 ubane na kidole kimoja freti ya 1. Kulaza kidole fanyia mazoezi freti ya 5, ni rahisi zaidi, halafu rudi nyuma taratibu.

Swali: Natumia kushoto, nigeuze nyuzi?
Jibu: Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa maarufu wa Marekani, aligeuza gitaa la kulia akafunga nyuzi upya, inawezekana, ila vijinafasi vya juu vinavyopitisha nyuzi lazima virekebishwe. Kama unaweza kupata gitaa la kushoto, chukua hilo.

Swali: Nyimbo nyingi nikiimba na G naona iko chini kwangu, nifanyeje na kodi zingine sizijui?
Jibu: Tafuta kepo dada, kile kibanio kinachokandamiza nyuzi zote kwenye shingo, ibane freti ya 2, piga umbo lilelile la G na itasikika A. Bado chini? Isogeze freti ya 3, na utyuni tena ukishaifunga maana huwa inavuta nyuzi kidogo.