Kizunguzungu cha kujigeuza kitandani: namna ya kukipima na kukiondoa

Hapa Busia mwenye kizunguzungu hupimwa malaria, hupimwa presha, halafu hupewa sinarizini, vidonge vya kizunguzungu. Juzi nimemhudumia mama muuza mukene (dagaa) aliyevimeza kwa miezi, na bado akiinamia beseni dunia inamzunguka. Shida ilikuwa sikioni.

1. Muulize kinakuja lini. Kinachokuja akijigeuza kitandani au akitazama juu, kikaisha kabla ya dakika moja, kwa kawaida ni vijiwe vya chokaa vilivyohama ndani ya sikio. Kama ni giza machoni akisimama, pima presha amelala kisha amesimama, na upime wingi wa damu. Uliza pia kama ametumia dawa za kwinini au gentamisini. Zote huumiza sikio.

2. Dalili za hatari. Ulimi mzito, mkono au mguu kulegea, kuona vitu viwiliviwili, kichwa kuuma ghafla kama kinapasuka, kushindwa kutembea: hospitali mara moja. Huenda ni kiharusi.

3. Kipimo chenyewe. Hapa ndipo wengi hukosea. Mkalishe kitandani, miguu imenyooka, mto ukae pale yatakapoangukia mabega, si kichwa. Geuza kichwa nyuzi 45 kulia, mlaze haraka, kichwa kining'inie kidogo. Mwenye shingo mbovu usimfanyie. Mgonjwa atataka kufumba macho, na akifumba huoni kitu, kwa hiyo mwambie mapema: “Mama, tazama pua yangu. Kitakuja, kitapita, nimekushika.” Kisha usiwe na haraka! Macho hayaanzi kucheza papo hapo. Hukawia sekunde kadhaa. Hesabu 30 zote. Yakicheza kwa kuzunguka na kupanda juu, kisha yakatulia, sikio lililo chini ndilo lenye vijiwe. Yakicheza kuelekea chini tu bila kutulia, mpeleke hospitali. Usipoona kitu, pima kushoto. Beseni la kutapikia liwe karibu.

4. Rudisha vijiwe. Njia hii ni ya daktari John Epley wa Marekani, nami naiamini kuliko kidonge chochote. Kama ni sikio la kulia, hapo alipolala geuza kichwa nyuzi 90 kushoto. Kisha alalie ubavu wa kushoto, uso utazame sakafu. Kila mkao usubiri mpaka kizunguzungu kiishe, na sekunde 30 zaidi. Akae taratibu.

5. Baadaye. Kikibaki, rudia kesho. Sinarizini ni ya kichefuchefu cha siku chache tu. Ikizidi muda humletea mzee usingizi na kutetemeka. Siku hiyo asipande boda.