Kusimba data za mahojiano: anza na kitenzi, kategoria zitafuata

Kusimba ni kukipa kila kipande cha mahojiano jina fupi, yaani msimbo, kisha kukusanya misimbo inayofanana iwe kategoria. Ukishamaliza kunukuu mahojiano, usikimbilie programu ya kompyuta. Soma yote, ya kwanza hadi ya mwisho, mikono mitupu. Kalamu ishike mara ya pili.

Hatua ya 1: kata vipande. Kipande ni maneno yanayobeba wazo moja, yawe nusu sentensi au aya nzima. Tuseme mgonjwa kakwambia: "Nikimwona yule nesi yuko zamu, narudi nyumbani. Heri nije kesho kuliko kuchekwa mbele za watu."

Hatua ya 2: toa misimbo. Wengi hapa huandika "huduma mbaya". Hata mimi, katika utafiti wangu wa kwanza, niliandika hivyohivyo, nikaishia na misimbo michache minene iliyokuwa maswali yangu mwenyewe yamegeuzwa majina. Nilirudia kazi yote. "Huduma mbaya" ni hukumu yako. Mgonjwa hakusema hivyo. Alichosema ni *kumkwepa nesi* na *kuahirisha matibabu*. Wa tatu uchukue mdomoni mwake ulivyo: *kuchekwa mbele za watu*.

Kiswahili kinatubeba hapa, maana mnyambuliko wa kitenzi unaonyesha nani katenda na nani katendwa. *Kunyamaza* na *kunyamazishwa* ni misimbo miwili. Ukiiunganisha, umetupa habari yenyewe.

Hatua ya 3: fungua daftari la misimbo. Kila msimbo uwe na jina, maana kwa sentensi moja, mfano, unapotumika na usipotumika. Hilo la mwisho ndilo huachwa, nalo ndilo huokoa: *kuahirisha matibabu* usimpe aliyekosa nauli. Huyo alishindwa kufika, hakuahirisha.

Hatua ya 4: linganisha, kisha kusanya. Wanasosholojia Glaser na Strauss walilisisitiza hili tangu 1967: kila kipande kipya kiweke kando ya vile vilivyokwisha kupewa msimbo huohuo, uulize kama kweli vinafanana. Mimi hutumia vikaratasi mezani. *Kumkwepa nesi*, *kumtuma ndugu dawa*, *kufika foleni ikiwa imekwisha*: vikikaa pamoja vinaanza kusema *kulinda heshima*. Hiyo sasa ni kategoria. Kama jina la kategoria ungeweza kuliandika kabla ya kuhoji mtu yeyote, litilie shaka.

Atatokea mgonjwa mmoja aliyejibizana na nesi hadharani. Usimfiche. Naye alikuwa akilinda heshima, ila kwa njia nyingine, na kategoria yako lazima impe nafasi au ibadilike.

Hatua ya 5: mpe mwenzako. Asimbe mahojiano mawili matatu kwa daftari lako bila kuona yako. Kappa ya Cohen, kipimo cha takwimu, itakupimia mlivyokubaliana baada ya kuondoa makubaliano ya bahati nasibu. 1 ni kukubaliana kikamilifu. Mimi huthamini zaidi yale mliyobishania, kwani hapo ndipo maana ya msimbo inapovuja.

Programu? NVivo na ATLAS.ti zinalipiwa, Taguette ni ya bure. Zote zinakusaidia kupanga, hazifikirii kwa niaba yako. Ukirekebisha maana ya msimbo, rudi kwenye mahojiano ya kwanza uyapitie tena, hata kama umechoka.