Kumpiga Picha Mgeni wa Mvuke kwenye Ghuba ya Somme

Kwa desturi, kila baada ya miaka mitatu reli ya kihistoria ya Ghuba ya Somme, kaskazini mwa Ufaransa, hufanya tamasha la mvuke na kukaribisha vichwa vya treni kutoka nchi nyingine. Kati ya Noyelles na Saint-Valery zimelazwa reli nne sambamba: jozi ya ndani ina upana wa mita 1, kama reli ya zamani ya Mombasa hadi Kampala, na ya nje milimita 1,435, kama SGR. Treni za mwenyeji hupita kwenye jozi ya ndani; mgeni ninayemzungumzia hapa ni kichwa cha treni kinachopita kwenye ya nje.

Hatua ya kwanza ni kuuliza stesheni mgeni ameelekezwa upande gani, kwani asipogeuzwa atakwenda safari moja kwa uso na kurudi kinyumenyume.

Pili, chagua mahali pa kusimama. Asubuhi kaa upande wa nchi kavu, nje ya njia ya reli, ili jua liwe mgongoni mwako na ghuba ionekane nyuma ya treni. Lakini upepo ukivuma kutoka baharini, moshi utaanguka kati yako na treni, kama ulivyonimezea picha zote za safari yangu ya kwanza. Upepo huo ukiwepo, sogea karibu na stesheni, upige treni ikija kukuelekea. Huko ndiko mvuke ulipo hata hivyo, kwa kuwa kichwa hufanya kazi kubwa kinapoondoka, ilhali kwenye tuta tambarare dereva hupunguza mvuke. Usishuke mchangani kutafuta pembe nzuri zaidi: maji hujaa upesi, hasa wakati wa bamvua.

Tatu, weka kasi ya shata ya sekunde 1/500 au ya haraka zaidi, na upime mwanga kwa kuulinda mvuke mweupe, kwa sababu weusi wa boila unaweza kuinuliwa baadaye katika faili ghafi (RAW), lakini weupe uliokwisha kuungua, yaani uliopoteza alama zote kwa mwanga kuzidi, haurudi.

Mwisho, mgeni anaposimama, na ukiwa mahali panaporuhusiwa, inama hadi lenzi ikaribie usawa wa jukwaa. Onyesha gurudumu lake likikanyaga reli ya nje, na ile ya mwenyeji ikipita kando yake, kavu na yenye kung'aa, pasipo kitu juu yake. Picha hiyo naithamini kuliko zote za moshi, maana haiwezi kupigwa nyumbani kwa mgeni.